Nani Atamlipa Mhariri?

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: majarida ya mtandaoni ya wasichana wenye asili ya Asia Kusini yanastahili kulipiwa, na mhariri wake alipwe. Nalirudia maana bado nasikia watu wakidai kwamba majarida hayo, kule Uingereza na Marekani, ni ya sari na harusi tu.

Mchukueni Jayaben Desai. Mzaliwa wa Gujarat, India, akaishi Tanganyika na mumewe, kisha wakahamia London. Agosti 1976 alitoka kazini Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha, akaongoza mgomo uliodumu karibu miaka miwili. Alimwambia meneja wake: hapa si kiwanda, ni bustani ya wanyama, wamo nyani wa kuchezeshwa, na wamo simba wa kukung'oa kichwa. Simba hao ni sisi! Na magazeti yakaona nini? Sari. Wagomaji wenye sari! Mama yuko getini, polisi wamejaa, anadai haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi, na mwandishi anatazama nguo. Hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana kizazi cha wajukuu wake kilipopata Brown Girl Magazine huko Marekani mwaka 2008, kisha Burnt Roti huko Uingereza mwaka 2016, nilishangilia.

Mtu ataniambia: Instagram ipo, kila binti ajiandikie. Sawa, ajiandikie. Lakini nani atamuuliza, "Hili umelithibitishaje?" Binti anayeandika kuhusu kupigwa nyumbani, na shangazi zake wote wanasoma, anahitaji mtu wa kumfichia jina na kuyapokea matusi kwa niaba yake. Hiyo ni kazi ya mhariri, na mhariri anakula, analipa kodi ya nyumba. Gal-dem, jarida la wanawake wasio Wazungu, lilianza 2015, likasomwa, likasifiwa. Mwaka 2023 likafungwa, fedha ziliwashinda.

Mnasema matangazo ndiyo yatamlipa mhariri? Ya nani? Fair & Lovely , krimu ya kuifanya ngozi iwe nyeupe, ilibadilishwa jina 2020 ikawa Glow & Lovely, na krimu ikabaki madukani. Jarida linalolishwa na krimu ya weupe litamwambia nini msichana mweusi wa Kitamil?

Suala la matabaka ya kuzaliwa, yaani kasta, nani haruhusiwi kuoa kwa nani, linataka saa nzima, leo silifikii. Ila ninyi wenye ndugu Leicester, Toronto au New Jersey, wapigieni simu wiki hii. Waulizeni wanalipia jarida gani.