Mjumbe Huru Hapimwi kwa Jina la Kiti

NEEMA: Karibuni tena, tunarekodi hapa Dodoma. Leo ni bodi za kampuni. Chukua kampuni ya kukamua alizeti yenye wajumbe saba: mwenyekiti ambaye ndiye mwanahisa mkubwa, mwanawe, mtendaji mkuu, meneja wa fedha, wakili wa kampuni, na wawili kutoka nje. Kaka Mazengo, walio huru, yaani wasiofungwa na ajira, undugu wala maslahi mengine, ni wangapi?

MAZENGO: Wawili, dada. Wakili simhesabu, anaishi kwa ada ya kampuni. Mwongozo wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wa 2002 unataka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ziwe na wajumbe huru angalau theluthi. Kwa saba, maana yake watatu.

NEEMA: Hii haijaorodheshwa.

MAZENGO: Haibanwi, lakini tatizo liko palepale. Mwenyekiti anataka kuiuzia kampuni magunia. Anatangaza maslahi yake, anatoka nje na mwanawe, muhtasari unaandikwa vizuri kabisa. Ndani wamebaki watano, na watatu kati yao wanakula kwa mkono wake. Kura tatu kwa mbili, zabuni imepita.

NEEMA: Kwa hiyo sheria imefuatwa na kampuni imeumia.

MAZENGO: Ndiyo! Dawa: meneja wa fedha na wakili waingie kama waalikwa, bila kura. Viti vyao wapewe watu huru. Baba na mwana wakitoka, wanaobaki ni mtendaji mkuu na wajumbe huru wanne.

NEEMA: Ila Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na bodi iliyojaa watu wa nje, na ikafilisika Desemba 2001.

MAZENGO: Bodi hiyo mwaka 1999 ilikubali kuweka kando kanuni ya maadili ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe mfuko unaofanya biashara na Enron yenyewe. Na mjumbe mmoja wa kamati ya ukaguzi alikuwa analipwa ada ya ushauri pembeni. Mimi huwa namuuliza mjumbe: nani kakupendekeza, nani anakulipa nje ya posho, na makabrasha ya kikao umeyapata lini?

NEEMA: Makabrasha ya kurasa mia yakifika usiku wa kuamkia kikao, uhuru wako hauna kazi.

MAZENGO: Siku saba kabla, na yaandikwe kwenye kanuni za bodi. Mkaguzi wa ndani apeleke ripoti kwa kamati ya ukaguzi moja kwa moja, isipitie kwa mtendaji mkuu.

NEEMA: Mimi naongeza ujuzi. Msimu wa mavuno, fedha karibu yote ya kampuni ya alizeti inageuka mbegu ghalani. Mjumbe asiyeijua biashara hiyo hataulizia nani alihesabu magunia, nani alipima unyevu. Atasaini hesabu na kuondoka.

MAZENGO: Na muda wa kukaa. Uingereza, mjumbe akipitisha miaka tisa, kampuni lazima ieleze kwa nini bado inamwita huru. Kwetu ningeanza na vipindi viwili vya miaka mitatu, vikiisha kwa zamu, bodi yote isitoke siku moja.