Mwamba wa Mjomba na Pini ya Kwenye Simu

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na ninyi vijana wa nyuma na zana zenu mpya, habari za leo. Nashukuru kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie jambo lililoleta maneno mengi kati yetu tunaovua kwa mshipi hapa Tanga: mtu akipata mahali pazuri pa samaki, ni sawa apaposti mtandaoni? Sitazunguka. Mbinu zako zitoe zote, hata ile ya chambo uliyoipata kwa taabu. Mahali usiposti. Nimefika hapo kwa njia iliyoniuma, na wengine waliumia zaidi yangu, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze.

Nilifundishwa bahari na mjomba wangu, kaka wa mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne aliponipeleka kwa mara ya kwanza kwenye mwamba wake. Alama zenyewe sitazitaja, mtaniwia radhi, ila namna zinavyofanya kazi nitaisema, maana wengi hapa mmezaliwa GPS ipo tayari. Unatafuta kitu cha karibu na kitu cha mbali. Tuseme mnazi uliopinda pale ufukweni, na nyuma yake kilele kimoja cha Usambara. Ukiwa umepotoka, mnazi unakimbia mlima. Ukipiga kafi kuelekea kusini unaona unaurudia polepole, mpaka unasimama chini ya kilele sawasawa. Hapo umeshika mstari mmoja. Sasa unageuza shingo upande wa visiwa na kutafuta jozi ya pili, huku mtu mwingine akishikilia ngalawa isisukumwe na mkondo. Mistari miwili ikikatana, chini yako pana mwamba.

Mjomba hakuridhika na macho peke yake. Alikuwa na bildi, pande la risasi lililofungwa kwenye kamba, na chini yake alipaka sabuni ya mche. Alishusha, akavuta, akanipa nishike. Mara ya kwanza sabuni ilirudi imejaa mchanga mweupe. "Bado," akasema. Tukasogea urefu wa ngalawa mbili hivi. Mara ya pili sabuni ilirudi haina mchanga, ina mkwaruzo tu. Akaniwekea kidole changu juu ya ule mkwaruzo, akaniambia, "Hilo ni tumbawe. Hapo ndipo wanapolala."

Alama hizo nilipewa asubuhi moja. Masharti yake nilipewa kwa miaka saba. Nanga itupwe kwenye mchanga wa pembeni, isitupwe juu ya tumbawe. Usije siku mbili mfululizo. Changu wa shibiri moja arudi majini. Na moja ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: miezi ya kaskazi, mwezi ukishakuwa mpevu, ukivuta chewa wawili mfululizo wenye matumbo yaliyojaa mayai, kunja mshipi uende zako. Niliwahi kumuuliza kwa nini tuondoke na samaki wanakula vizuri hivyo. Alinijibu kwamba tumeingia nyumba ya watu kuna arusi.

Mambo haya hakuyaandika popote. Aliyasema kila moja kwa wakati wake, tukiwa juu ya maji, na akiniona nimekosea alinyamaza safari nzima ya kurudi. Mwamba ulinijia pamoja na mtu aliyenitazama.

Mwaka 2016 nikaharibu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wavuvi wa mshipi, watu wazuri, na wengine nawaona humu. Niliweka picha ya chewa mmoja mkubwa. Mahali sikuandika. Rafiki yangu mmoja akaniandikia pembeni, akaniomba lokesheni. Nilimpenda na nampenda hadi leo. Nikampigia pini, ile alama ya mahali kwenye ramani ya simu, nikamtumia. Naye ana shemeji yake anayependa kuvua, akamrushia. Shemeji ana kundi lake kule kazini kwake. Mnaona inavyokwenda.

Siku ya tisa nilitoka na mwanangu. Kutoka mbali nikaona milingoti. Nikadhani wamepumzika wakingoja upepo. Tulipokaribia nikahesabu vyombo kumi na kimoja, juu ya mwamba ambao ukubwa wake haufiki uwanja wa mpira. Nanga zote zilikuwa kwenye tumbawe. Mmoja aling'oa yake mbele ya macho yangu, ikapanda na tawi la tumbawe refu kama mkono wangu, bado lina rangi. Alilichomoa akalitupa kando, akanipungia mkono kwa furaha. Hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia kitu. Pini ilimfikia peke yake.

Wiki chache baadaye wakaja wa usiku, wale wa kuzamia na mitungi ya hewa na bunduki za mishale, wanaowaokota chewa mapangoni wakiwa wamelala. Kaskazi iliyofuata nilikwenda mara nne, na mara zote nne sikushika chewa hata mmoja. Mjomba alikuwa bado hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nanga yangu mimi niliitupa mchangani. Hakuuliza lingine.

Nataka vijana mwelewe kwa nini chewa alinimalizikia upesi vile, maana samaki wote hawafanani. Nguru na jodari ni wapita njia. Ukiposti leo kwamba nguru wameingia, kesho wako mbele, na aliyekuja kwa sababu ya posti yako atakuta maji matupu. Kwa hao sina ugomvi mkubwa na mtu. Chewa ana nyumba. Anakaa pango moja, mwamba mmoja, miaka na miaka, na anakua taratibu. Chewa wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike, akishakuwa mkubwa ndipo anageuka dume. Fikirini hapo. Mshipi unapenda wakubwa, na picha za kujivunia ni za wakubwa. Tukiwaondoa wakubwa kumi kwenye mwamba mmoja, huenda tumewaondoa madume wote wa mtaa huo.

Kisha kuna ile arusi ya mjomba. Wataalamu wa samaki wanaiita mikusanyiko ya kutaga, na wazee wa pwani yetu waliijua kabla yao. Kule pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Msambweni, watafiti waliowafuatilia samaki aina ya tasi walianza kwa kuwauliza wavuvi, nao wavuvi wakawaonyesha sehemu ambazo tasi hujazana siku chache baada ya mwezi mpevu, miezi hiyohiyo ya kaskazi. Samaki wa eneo pana, ambao mwaka mzima wametawanyika, wanakuja sehemu moja kwa siku chache. Anayeijua sehemu hiyo na siku hizo anaweza kuvuna wiki moja samaki wa mwaka mzima, na akarudi akisema bahari imejaa.

Lipo tukio moja la mbali ambalo nalirudia kila nikizungumza, kwa sababu lina hesabu. Kwenye visiwa vya Cayman, katika bahari ya Karibi, kipo kisiwa kidogo kinachoitwa Little Cayman. Mwaka 2001 wavuvi waligundua sehemu ya magharibi ya kisiwa ambako chewa wa aina inayoitwa Nassau hukusanyika kutaga kila majira ya baridi, mwezi ukiwa mpevu. Walikuwa kama 7,000. Habari zikaenea, vyombo vikaja. Misimu miwili tu, wakawa wamevuliwa kama 4,000. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku kuvua kwenye mikusanyiko hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya idadi yao kupanda tena sana. Wao walikuwa na serikali iliyofunga upesi na watafiti waliohesabu kila mwaka. Mwamba wangu mimi ulihesabiwa na nani?

Sasa nije kwenye hoja za upande wa pili, maana ni hoja za kweli na zimesemwa na watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza: bahari ni ya Mungu, wewe nani uifiche? Nakubali bahari si yangu. Hata ule mwamba haukuwa wa mjomba, tunasema tu hivyo kwa mazoea. Lakini kwa sababu si wangu ndiyo maana sina ruhusa ya kuugawa kwa watu nisiowajua. Mwenye dema, mtego wa samaki, anayetegemea mwamba ule kwa kitoweo cha watoto hakuulizwa nilipotuma pini yangu. Mimi navua Jumamosi kwa kupenda. Yeye anavua ili wale jioni. Niligawa riziki yake kwa kidole gumba.

Ya pili inanigusa zaidi. Kijana mmoja aliniambia: "Wewe ulikuwa na mjomba. Mimi wangu ni dereva wa lori, nijifunze wapi?" Ni swali zito, na nawageukia wazee. Tukiwaambia vijana wasiposti, halafu sisi wenyewe tukawanyima nafasi kwenye chombo, tunawasukuma kwenye simu kwa mikono yetu. Mwaka jana tumemzika mzee ambaye alijua mafungu na vipwa vya ghuba hii, yaani sehemu za mchanga na mwamba zinazoinuka karibu na uso wa maji, kwa majina, majina ambayo mimi nilisikia nusu tu. Hakumpeleka mtu. Watoto wake wako mjini, hawakutaka, na sisi tuliotaka hakutuamini. Naumia kulisema mbele ya jamaa zake, lakini usiri wa namna hiyo nao umetupokonya kitu.

Ya tatu ni ya wanaosema kwamba mahali pakijulikana ndipo patalindwa. Hili ni kweli pale palipo na mlinzi. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walitenga eneo lao la kwenye mwamba kuanzia mwaka 2005, kama hekta 30, wakaliita tengefu. Tengefu lazima lijulikane. Mipaka yake itangazwe, maboya yaonekane, mgeni akiingia aulizwe. Na kule Kisiwa Panza, Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanafungua kwa siku maalumu, kina mama na vijiti vyao, kina baba na vyombo, kila mtu anajua ni wapi. Pweza anakua haraka mno, ukimwacha miezi mitatu hutamtambua. Hapo siri ingeharibu kila kitu, kwa sababu mtu asiyejua mpaka ataingia tu. Kwa hiyo mahali penye watu wanaopasimamia, tangaza hata kwa kipaza sauti. Mwamba wangu haukuwa na boya wala kamati. Ulikuwa na mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyetuma pini.

Mnataka kuposti, na mimi pia napenda kuposti, kwa hiyo nieleze ninavyofanya sasa. Picha napiga samaki akiwa chini, ubao wa chombo ndio unaoonekana nyuma yake. Msidhani kutokuandika mahali kunatosha. Mvuvi wa hapa ukimwonyesha kisiwa cha Yambe kidogo tu nyuma ya bega lako, pamoja na kipande cha mlima, atakuambia ulikuwa wapi na maji yalikuwa yanapwa au yanajaa. Simu nimeizima ile huduma ya mahali kwenye kamera, kwa sababu picha ikitumwa kama faili husafiri na nukta zake ndani. Naposti baada ya wiki mbili au tatu, siyo siku ileile. Na maneno ninayoandika ni mengi kuliko zamani: ndoana namba ngapi, ngisi nilimkataje, maji yalikuwa mafu, yenye mkondo mdogo, au bamvua, yenye nguvu, uzi nilifungaje. Watu wananishukuru kwa hayo kuliko walivyowahi kunishukuru kwa pini.

Anayeniomba lokesheni simnyimi kwa jeuri. Namwambia njoo twende. Wengi hawaji. Wanaokuja, mpaka leo ni sita, nimekaa nao chombo kimoja na nimewaona wanavyotupa nanga. Wawili kati yao nimewaonyesha alama. Mmoja ni yule kijana wa mjomba dereva wa lori.

Kwa BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi wa fukwe zetu, nina ombi moja. Kaeni na wazee waliobaki, mwandike majina ya vipwa na mafungu kwenye daftari, pamoja na majira ya samaki kutaga, na daftari likae ofisini kwenu, lisipigwe picha. Kisha mkubaliane ni wapi pafungwe miezi ya kaskazi. Mimi nitakuja na alama zangu, na nitazisema mbele yenu wote siku hiyo.

Mwamba wenyewe? Nilikwenda mwezi uliopita. Nilishusha bildi ya mjomba, ninayo mimi sasa. Sabuni ilirudi na mkwaruzo. Changu wapo, wadogo wadogo, niliwarudisha. Chewa nilivuta mmoja, hafiki kilo mbili, nikamtoa ndoana polepole nikamwacha ashuke.

Jumamosi hii maji yatakuwa mafu na mkondo hautasumbua. Natoka saa kumi alfajiri pale dikoni, na nina nafasi ya watu watatu. Anayetaka aje aniambie baada ya maswali. Chambo ninacho. Simu mtaziacha kwa mama mwenye kibanda cha chai, ameshakubali kuzitunza.