Milimita Sita: Kuunda na Kuuza Vipuri vya Kuongeza Nguvu ya Subaru

Mhadhara uliotolewa kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, Nairobi

Asanteni sana. Mwalimu wenu amenitambulisha kama mhandisi, nami namshukuru kwa heshima hiyo, ila mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Hesabu nilizifuata baadaye, baada ya kuua injini ya mtu.

Kabla sijasimulia, pitisheni hiki mkono kwa mkono. Ni bomba la kuvutia hewa la Subaru Impreza yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi. Alumini tupu, limepigwa msasa likang'aa hadi unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Upande huu hukaa ea klina, yaani kichujio cha hewa, upande ule huingia kwenye hosi ya kwenda kwenye tabo, na hapa penye tundu na nafasi ya skrubu mbili ndipo inapokaa sensa ya kupima hewa. Zamani nilitengeneza manne yanayofanana na hilo, nikayauza yote ndani ya mwezi mmoja, nikajiona nimetoka kimaisha.

Kwa nini Subaru? Nairobi hii hilo si la kuulizwa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda nayo tena mwaka 2000, na watoto waliokuwa kando ya barabara wakila vumbi siku zile leo ndio wateja wangu. Gari lenyewe huja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Kipuri chake cha kuongeza nguvu ukikiagiza nje unalipia usafiri, unalipia ushuru, halafu unasubiri. Fundi wa hapa mwenye mashine ya kukereza na mkono mzuri wa kuchomelea alumini ana nafasi yake. Mimi niliiingilia kwa pupa.

Mteja wa nne alikuwa kijana mpole, mtu wa kulipa bila maneno mengi. Tulilifunga bomba asubuhi, akazunguka nalo mjini wiki mbili, kila mara ananipigia kunisifu: sauti imenoga, gari linavuta. Wiki ya tatu akapandisha mlima wa kutoka Mai Mahiu kuja Limuru, mguu umezama. Injini ikaanza kutetemeka, moshi wa samawati ukatanda nyuma. Tulipoifungua tukakuta pistoni ya silinda ya nne imemeguka pale katikati ya ringi na ringi, kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ninacho hadi leo kwenye droo.

Nililaumu petroli. Nikalaumu umri wa injini. Nikamlaumu hata mteja. Mzee mmoja wa karakana ya jirani hakubishana nami. Alichukua vania, kile kipimio cha upana kinachosoma hadi sehemu za milimita, akapima ndani ya bomba la kiwandani, akapima langu, akaandika namba mbili sakafuni kwa chaki: 70 na 76.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sensa ile haioni hewa yote inayoingia. Ina waya mwembamba uliopashwa moto, umesimama katikati ya mkondo. Hewa ikipita kwa kasi waya unapoa, na kompyuta ya gari inaangalia umeme uliohitajika kuurudishia joto, ndipo inakadiria hewa yote. Kompyuta hiyo iliwekewa hesabu kiwandani kwa bomba la upana fulani. Ukilipanua, hewa ileile inapita polepole zaidi, waya haupoi sana, na kompyuta inadhani injini imevuta hewa kidogo. Inatoa petroli kidogo.

Mtasema milimita 6 ni kitu gani? Hewa haipiti kwenye kipenyo, inapita kwenye eneo. Zidisha 76 kwa 76, ni 5,776. Zidisha 70 kwa 70, ni 4,900. Gawanya. Eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 18, na petroli inafuata hesabu ya uongo.

Naona mkono pale. Ndiyo, mbona basi gari lilikwenda vizuri wiki mbili? Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona petroli imepungua, kompyuta inaongeza. Kosa linasitiriwa. Ukikanyaga hadi mwisho kompyuta inaacha kuisikiliza sensa hiyo, inafuata jedwali lake, na ndipo hapo tabo inapojaza hewa nyingi. Joto linapanda, petroli inajilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni.

Tena ule mvuto aliousifu ulikuwa wa kweli, hilo ndilo linaloniuma. Gari hili likitoka kiwandani hupewa petroli ya ziada tabo inapofanya kazi, ili kuipoza injini. Ipunguze kidogo, gari linachangamka. Yaani nilichukua kinga ya injini yake nikamuuzia kama nguvu. Tulikubaliana nilipe nusu ya injini nyingine, na wale watatu waliobaki niliwapigia simu mmoja mmoja warudishe mabomba. Mmoja alikataa. Alilipenda mno.

Siku hizi nina vipande viwili vya chuma nilivyovikereza mwenyewe, kimoja milimita 69.9, kingine 70.1. Cha kwanza lazima kiingie mahali pa sensa, cha pili lazima kikatae. Bomba lisilotii linakwenda skrepa hata kama limeng'aa. Na sensa haikai karibu na kona, kwa sababu hewa inayotoka kwenye kona imeegemea upande mmoja na waya utasoma uongo mwingine. Mteja akitaka bomba pana zaidi namuuzia kwa sharti kwamba kompyuta itafanyiwa tyuni, yaani kuwekewa hesabu mpya, na mtu mwenye vifaa. Asipotaka, namrudishia pesa zake.

Najua wengi wenu mnapenda printa za 3D. Nami ninayo. Ile plastiki ya bei nafuu, PLA, hulegea karibu na nyuzi 60, na chini ya boneti huko ni jiko. Nilifunga bomba la PLA kwenye gari langu, nikakaa foleni ya Thika Road mchana, likajikunja kama chapati. Itumieni kujaribia umbo, muone kama kitu kinaenea, kisha mkitoe.

Kuna pia vali ya busti, ile ya kupandisha msukumo wa hewa ya tabo: kigololi, springi, skrubu ya kukaza. Naikereza kabla chai haijapoa, na inauzika kweli. Ila ukiiuza, muulize mteja kama huwa anashuka Mombasa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ina kanieneo, yaani msukumo wake, ya kama kilopaskali 83. Mombasa ni 101. Vali hiyo inahesabu kuanzia hewa ya nje. Ukiiweka iongeze kilopaskali 100, hapa injini inapata 183, kule inapata 201. Karibu sehemu moja ya kumi zaidi, tena kwenye joto la pwani, na mshale wa geji ya busti haujasogea, maana nayo inahesabu kuanzia hewa ya nje. Mimi huandika onyo hilo kwenye karatasi ninayomfungia mteja, kwa herufi kubwa.

Kuhusu pesa sina mengi. Nusu ya bei inakuja kwa M-Pesa kabla sijakata alumini, la sivyo karakana inajaa vipuri vya watu waliobadili mawazo. Chuma na gesi si gharama kubwa. Zinazokula siku ni saa za kupima, nanyi msione haya kuzilipisha. Kila bomba nalipiga namba, ili nikigundua kosa nijue ni la nani. Nembo ya mtu silipigi. Kuna aliyeniomba nimchongee zile nyota sita za Subaru, nikamwambia nyota hizo si zangu, na tangu 2008 nchi hii ina sheria ya bidhaa bandia. Na umwambie mteja aitaarifu bima yake. Wengi hawafanyi hivyo, lakini wewe umwambie.

Bomba langu limefika wapi? Safu ya nyuma. Limepita kwa watu wote humu, nimesikia "safi sana" mara tatu, na wawili nimewaona wakilipiga picha. Vania iko hapa mezani tangu nilipoingia. Sijawaambia kama hilo ni la zamani au la sasa. Wewe wa mwisho mwenye kofia, njoo nalo, ulipime, utusomee namba kwa sauti.