Kutengeneza Utando Mwembamba wa Kioo cha Kuonyeshea Unaong'aa kwa Umeme

Karibu, mtazamaji. Leo tunatengeneza utando wa salfidi ya zinki yenye manganizi, ambao hutoa mwanga wa manjano inayokaribia chungwa. Wengi huhangaikia utando huo peke yake. Mimi nakuomba uzihangaikie zaidi tabaka mbili za kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, zinazoukumbatia, kwa kuwa kazi nyingi huharibikia hapo.

Anza na kioo kinachostahimili joto, kilichopakwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo hupitisha umeme bila kuzuia mwanga. Kioshe kwa sabuni, maji yaliyoondolewa madini na asetoni, kisha ukikaushe kwa naitrojeni. Kiinamishe chini ya taa: ukiona hata chembe moja ya vumbi ikimeta, kirudie, maana chembe hiyo itaacha tundu katika kihami.

Sasa weka kihami cha kwanza, oksidi ya alumini. Ndani ya chemba, mvuke wa trimethili alumini na mvuke wa maji huingia kwa zamu, na naitrojeni husafisha katikati. Kila mzunguko huongeza takriban nanometa 0.1, kwa hiyo nanometa 200 zitahitaji mizunguko ipatayo 2,000. Usiharakishe. Tuomo Suntola wa Finland aliibuni njia hii mwaka 1974 kwa ajili ya vioo vya aina hii hii, kwa sababu salfidi ya zinki hung'aa katika uga wa umeme unaozidi volti milioni moja kwa sentimita, na bila kihami imara ingeungua mara moja.

Juu yake, vukiza salfidi ya zinki ndani ya ombwe hadi nanometa 600, manganizi ikiwa karibu asilimia 1. Ikizidi sana, mwanga hufifia. Pasha joto katika ombwe kwa nyuzi 450 hivi ili fuwele zikae sawa. Rudia kihami, kisha malizia kwa mistari myembamba ya alumini.

Funika kipande, unganisha umeme wa mkondo geu, na upandishe volti polepole. Kitabaki giza kwa muda mrefu, kisha, kwa kawaida kati ya volti 150 na 200, kitawaka ghafla. Tazama kwa kioo cha kukuzia: doa dogo jeusi lisiloenea ni alumini iliyoungua na kulitenga tundu, nalo linavumilika; lakini likitambaa, zima umeme na urudi kwenye usafishaji.