Kabla hujaita wanaume wanne, muulize mgonjwa anaweza nini
Manesi wenzangu, na nyie mnaosukuma machela, hebu tuongee kuhusu wagonjwa wetu wenye miili mikubwa, maana akiletwa mtu wa kilo 150 sisi mbio kuita wanaume wanne waje kubeba, mwenyewe hata hatujamuuliza anaweza nini.

Kuna mama mmoja tulimlaza wodini kwetu. Tukamkalisha kwenye wilchea ya kawaida, zile za upana wa sentimita 45, akaingia kwa kubanwa na kwa aibu akanyamaza kimya. Jioni namgeuza hivi, mapaja kwa pembeni yana mistari myekundu ya vyuma na ngozi imeshaanza kuchubuka. Na yule mama alikuwa anasimama mwenyewe jamani! Akipata kiti kipana, nyayo zinakanyaga chini, mikono ina pa kushika, anainuka bila mtu.

Sasa kilo peke yake hazitoshi. Watu wawili wa kilo 150, mmoja uzito uko tumboni mwingine uko makalioni, kiti kimoja hakiwafai wote. Mpime akiwa amekaa, kwa sababu akikaa mapaja yanatanuka, weka kibao kila upande pale palipo papana kabisa, alafu pima na futi kamba kutoka kibao hadi kibao. Ila kiti kisizidi upana sana, mikono haitafika vizuri kwenye magurudumu, atalalia upande mmoja, na mlango wa choo nao mpime, msije mkakwama pale.

Vibandiko someni. Kitanda, machela, kiti cha choo, vyote vina uzito wake wa mwisho, na ile winchi ya kunyanyulia, mashine ina kiwango chake na kitambaa cha kumbebea kina chake, unafuata kilicho kidogo.

Migongo yetu je? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri nesi asinyanyue zaidi ya kilo 16 hivi za mgonjwa kwa mikono, na mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 150 unakaribia kilo 24. Mguu mmoja! Ndo maana nawaomba, vifaa kwanza.

Yule mama tulimwazimia kiti kipana wodi ya jirani. Asubuhi yake akaenda kuoga mwenyewe, mimi nimesimama mlangoni nimemshikia kanga.