Herufi Zilizo Ubavuni mwa Ndege

Wazazi wetu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Nimeombwa niseme jinsi rubani mwenye leseni ya nchi moja anavyopata sifa ya kurusha ndege za biashara kwingine. Nianze na kauli ninayoisikia sana kwa vijana: "Mimi nina leseni ya ICAO, naruka popote."

Leseni ya ICAO haipo. ICAO ni shirika la kimataifa la usafiri wa anga; lilitokana na Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, na kazi yake ni kuweka viwango. Leseni hutolewa na nchi. Ibara ya 32 ya mkataba inataka rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyohalalishwa, na nchi iliyosajili ndege hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuulizia ada ya chuo, ulizia kwanza utarusha ndege yenye herufi gani ubavuni. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, N ni Marekani. Herufi hizo ndizo zinazokuambia nani mwenye kauli juu ya leseni yako. Tena ibara hiyohiyo inaipa kila nchi haki ya kuikataa, ndani ya anga yake, leseni ambayo raia wake ameipata nchi nyingine. Wazazi, hilo lisikieni kabla hamjauza shamba.

Nitachukua mfano wa Marekani, maana ndiko nilikosomea na ndiko wengi wenu mnakoelekea. Ukifika na leseni ya urubani binafsi ya nyumbani, kifungu cha 61.75 cha kanuni zao kinakuruhusu upewe cheti chao cha urubani binafsi bila mtihani wa kuruka, mradi mamlaka ya kwenu ithibitishe kuwa leseni yako ni ya kweli na ingali hai. Kabla ya kukitumia unaruka na mwalimu akupime. Cheti hicho kinaegemea leseni ya nyumbani, na namba yake imeandikwa humo. Ukiacha ya nyumbani ikafa, na hicho huwezi kukitumia. Na hakikuruhusu kupokea malipo ya kubeba abiria wala mzigo.

Sasa mtu ananiuliza: je, mwenye leseni ya biashara kutoka kwetu? Naye anapewa cha binafsi tu. Akitaka cha biashara, afanye mtihani wa maandishi apate asilimia 70, mwalimu amwidhinishe, kisha aketi na mtahini kwa maswali ya mdomo na kuruka. Kinachomfaa ni saa zake: zile alizoruka nyumbani zinahesabiwa katika 250 zinazotakiwa. Kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo vya ndani wakati nje hapaonekani, msikiache nyuma. Bila hicho, cheti cha biashara cha Marekani hakikuruhusu kubeba abiria wa kulipa usiku, wala katika safari inayozidi maili 50 za baharini, yaani kama kilomita 93. Hiyo si kazi ya kumrudishia mzazi fedha yake.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo nilipoumia mwenyewe.

Kiwango cha ICAO cha leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya 200 hizo lazima 100 uwe rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege. Kwa kozi iliyoidhinishwa ni 70. Marekani, ukishakuwa na cheti cha binafsi na ukashika usukani peke yako wakati mwalimu amekaa kando, kanuni zao zinakuruhusu kuandika saa ileile mara mbili: kama mafunzo, na kama rubani kiongozi. Nchi nyingi hazikubali hivyo. Kwao aliyekuwa na mwalimu alikuwa mwanafunzi, basi. Mimi nilirudi na logibuku, daftari la kuandikia saa za kuruka, iliyosomeka saa 112 za rubani kiongozi. Mkaguzi akachukua penseli, akaanza kuondoa kila safari yenye sahihi ya mwalimu. Nikabaki na 74. Hakunionea; alikuwa sahihi. Shule niliyosoma haikunieleza, nami sikuuliza. Nilikaa miezi nikitafuta fedha za kununua saa 26 ambazo moyoni nilijua nilikwisha kuzilipia.

Kwa hiyo ongezeni safu moja kwenye logibuku, hata kwa kalamu: saa ambazo hapakuwa na mwalimu ndani ya ndege. Hiyo ndiyo hesabu yenu ya kweli. Tena Wamarekani huandika saa kwa sehemu za kumi. 1.3 si saa moja na dakika thelathini. Ni saa moja na dakika kumi na nane. Nimeona watu wakijumlisha vibaya kitabu kizima.

Afya nitaipitia haraka. Marekani rubani wa biashara anatosheka na cheti cha daraja la pili, lakini kiwango cha ICAO kinataka la kwanza. Pimeni la kwanza kabla ya kupanda ndege kwenda kusoma, pamoja na macho ya kutofautisha rangi. Afadhali kujua mapema kuliko baada ya saa 200.

Mkirudi, tarajieni mtihani wa sheria za anga za hapa na kuruka na mtahini. Msiudharau huo wa kuruka. Mtu amejifunzia Florida, usawa wa bahari, kisha anapimwa uwanja wa Wilson, Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, na njia ya kuruka inaliwa kwa kasi asiyoizoea. Ombeni saa mbili tatu na mwalimu wa hapa kwanza. Wanaopewa uhalalishaji, yaani ruhusa ya kutumia leseni ya nje, badala ya leseni mpya, angalieni tarehe: hauwezi kudumu kupita leseni iliyouzaa.

Wenye logibuku wazilete hapa mezani. Tutaanza na safu ya rubani kiongozi, na penseli ninayo.