Umemshika Majeruhi, Unashikwa Wewe

Mwangaluka, ndugu zangu. Mwenyekiti wa kijiwe chenu cha bodaboda ameninong'oneza nisizidishe robo saa, abiria wa asubuhi hawamsubiri mtu. Nitajitahidi, ingawa kumnyamazisha mwanasheria ni kazi.

Nani hapa amewahi kubeba majeruhi wa ajali? Mikono juu. Wengi. Nani angebeba tena kesho? Mbona imepungua?

Kijana mwenzenu wa barabara ya Musoma alinijia ofisini na pikipiki yenye siti iliyoganda damu. Hakuiosha, alisema ndiyo ushahidi wake. Alimkuta mama amegongwa, gari limekimbia. Akampakia, mwenzake nyuma akimshikilia, mshikaki, mpaka hospitali. Swali la kwanza mlangoni: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi? Akaenda kituoni kuifuata. Askari akatazama damu, akatazama pikipiki, akachukua ufunguo. Siku tatu bila hesabu. Tajiri wake akadhani chombo kimeuzwa. Aliyemwokoa ni muuza mahindi ya kuchoma aliyeliona lile gari na kukubali kwenda kueleza.

Sasa sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema na dereva aliyehusika: asimame, asaidie majeruhi, atoe taarifa polisi. Mpita njia aliyejitolea hakuwekewa humo ngao ya wazi. Ndiyo maana kila kitu kinategemea busara ya askari wa zamu, na busara, jamani, haina zamu.

India walikuwa na woga huu huu. Mahakama yao ya Juu, 30 Machi 2016, ikaupa nguvu ya sheria mwongozo wa kumlinda msaidizi, na mwaka 2019 Bunge likaongeza kifungu cha 134A katika sheria ya magari. Ukisaidia kwa nia njema, bila kutegemea malipo, hushtakiwi wala hudaiwi fidia hata majeruhi akifia mikononi mwako, hata kama ulikosea kumbeba. Na hulazimishwi kutaja jina lako. Kwangu hili la jina ndilo kubwa. Watu hawaogopi damu, wanaogopa daftari.

Ufaransa wamepita njia nyingine: ukimwacha mtu hatarini ilhali ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha, kifungo chaweza kufika miaka 5. Ujerumani, hadi mwaka 1. Mimi siombi hiyo hapa. Huwezi kumlazimisha mtu abebe, halafu ukamnyang'anya ufunguo.

Mtaniambia mbona Majaliwa Jackson, yule kijana mvuvi, alizawadiwa? Kweli. Ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na yule kijana akapewa kazi Zimamoto. Safi kabisa. Lakini ile ilikuwa mchana kweupe, nchi nzima inatazama. Wewe utakuwa Usagara saa sita usiku, na shahidi wako ni mbwa.

Kwa hiyo, mpaka Bunge litusikie: piga 112 kabla hujagusa mtu, ili simu yako ionyeshe saa. Piga picha ya eneo, siyo ya uso wa majeruhi, tafadhali, yale mambo ya kurusha kwenye magrupu tuyaache. Mwombe mtu mmoja namba yake. Na mshikaki, nawasihi, uwe wa mwisho kabisa: shingo iliyovunjika ikining'inia kwenye pikipiki, mtu aliyekuwa atembee tena hatembei. Bajaji ni afadhali, na pikapu ya kumlaza chali ni afadhali zaidi. PF3 ni ya majeruhi, siyo yako. Akishapokelewa, ndugu zake wanaweza kuifuata.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, kaka.

Anauliza: na kuosha siti nani analipa?

Kile kifungu cha India nimekisoma chote, kaka. Hilo hata wao hawakuliandika.